Nyota Hupimwa kwa Pembe, Husimuliwa kwa Nuru

Mwezi Aprili 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakiongozwa na Nikku Madhusudhan walitangaza kwamba darubini ya anga ya James Webb imeona, katika hewa ya sayari iitwayo K2-18 b, dalili za kemikali ambazo hapa duniani hutokana na viumbe hai. Habari ilisambaa kote, na wanasayansi wengine wakaipinga kwa nguvu. Ubishi ulikuwa juu ya kemikali: je, dalili hizo zipo kweli, au ni makosa tu ya vipimo? Umbali haukumshughulisha mtu. Sayari hiyo ilielezwa kuwa iko mbali nasi kwa miaka ya nuru 124, na wasomaji wakaipokea namba hiyo kama wanavyopokea umbali wa Dodoma hadi Mwanza. Lakini ukiitafakari, hiyo 124 ni dai zito sana. Hakuna chombo kilichokwenda huko, na hata kama tungerusha mwali wa nuru leo ugonge sayari hiyo na kurudi, jibu wangelipata vitukuu vya wajukuu zetu, miaka 248 baadaye. Namba hiyo imetoka wapi, basi? Ninachotetea hapa ni kwamba mwaka wa nuru ni kipimo kizuri cha kusimulia umbali wa nyota, ila sicho kilichotumika kuupima. Na tukiwafundisha watu kipimo hicho peke yake, tunawapa namba za kuamini badala ya namba za kuelewa.

Kwanza kipimo chenyewe. Mwaka wa nuru ni umbali, wala si muda, ingawa jina lake linawapoteza wengi, nao wakaandika kwamba jambo fulani lilitokea miaka mingi ya nuru iliyopita. Ni urefu wa njia ambayo nuru huimaliza kwa mwaka mmoja ikisafiri katika ombwe. Kasi ya nuru ni mita 299,792,458 kwa sekunde; tangu mwaka 1983 namba hiyo haipimwi tena, bali imewekwa kwa makubaliano ya kimataifa, na urefu wa mita ndio unaotokana nayo. Mwaka unaohesabiwa ni wa siku 365.25, yaani sekunde 31,557,600. Zidisha moja kwa nyingine upate kilomita trilioni 9.46. Sababu ya kukimbia kilomita ni dhahiri: Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, iko mbali kwa kilomita trilioni 40, na namba ya namna hiyo macho huisoma lakini akili haiishiki. Kusema miaka ya nuru 4.24 ni nafuu. Hata hivyo nafuu hiyo isitusahaulishe ukubwa wa jambo. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kilomita 17 hivi kila sekunde. Kwa kasi hiyo kingehitaji miaka kama 75,000 kuumaliza umbali unaolingana na wa Proxima.

Katika ujirani wetu wa karibu, nuru hutumika kupima kwelikweli. Mwaka 1961 wataalamu walirusha mawimbi ya rada kuelekea Zuhura, wakahesabu muda uliopita mpaka mwangwi uliporudi, na kwa njia hiyo wakaujua umbali wa Dunia na Jua kwa usahihi ambao haukuwahi kufikiwa. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha kwenye Mwezi vioo maalumu mwaka 1969, na mpaka leo miali ya leza hurushwa huko na kurudi katika muda wa sekunde mbili na nusu hivi. Hapo mtu ana haki ya kusema kwamba nuru ndiyo kamba ya kupimia. Lakini hakuna mwangwi unaorudi kutoka kwenye nyota. Hakuna anayejua ni lini nuru tunayoiona leo iliondoka huko, kwa sababu haina muhuri wa tarehe. Na bila kujua ilipoondoka, huwezi kuhesabu imesafiri muda gani. Kwa hiyo anayedhani kwamba wanasayansi walipima muda wa safari ya nuru ya nyota ndipo wakapata miaka ya nuru, amegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Umbali ulijulikana kwanza, kwa njia nyingine kabisa. Muda wa safari ukafuata kwa kugawanya.

Njia hiyo nyingine ni ileile ya mpima ardhi anayetaka kujua upana wa mto asioweza kuuvuka. Huchagua mti ng'ambo, akaulenga kutoka mahali pamoja, akatembea hatua kadhaa ukingoni, akaulenga tena. Akiujua urefu wa njia aliyotembea na pembe alizozipata, pembetatu humpa umbali uliobaki bila yeye kulowa mguu. Mwanaastronomia naye hufanya vivyo hivyo, ila ukingo wake ni njia ya Dunia kulizunguka Jua. Mwezi Januari tuko upande mmoja wa Jua, Julai tuko upande wa pili, na kati ya vituo hivyo viwili pana kilomita milioni 300 hivi. Nyota iliyo karibu, ikitazamwa kutoka vituo hivyo viwili, huonekana kusogea kidogo mbele ya nyota zilizo mbali zaidi nyuma yake. Nusu ya msogeo huo ndiyo huitwa paralaksi. Ikiwa kubwa, nyota iko karibu; ikiwa ndogo, iko mbali; pembe ikipungua kwa nusu, umbali unaongezeka mara mbili. Hayo ndiyo yote. Hesabu yenyewe iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari.

Ugumu uko kwenye udogo wa pembe, na ugumu huo uliwashinda watu hodari kwa karibu miaka 300. Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543 akisema Dunia ndiyo inayozunguka, hoja nzito kuliko zote dhidi yake haikuwa ya kidini. Tycho Brahe, mtazamaji hodari kuliko wote wa zama zake, aliuliza: kama Dunia inasafiri, mbona nyota hazisogei? Ama Dunia imetulia, ama nyota ziko mbali kupita kiasi cha kuaminika. Mantiki yake ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kudhani kwamba lisiloaminika haliwezi kuwa kweli. Mwingereza James Bradley alitafuta paralaksi miaka ya 1720 kwa darubini iliyosimamishwa wima, akauona msogeo, lakini haukuwa ule alioutarajia. Mwaka 1728 alieleza kwamba ameona athari ya mwendo wa Dunia juu ya mwelekeo wa nuru inayoingia kwenye darubini. Ulikuwa ushahidi mkubwa wa kwanza kwamba Dunia inakwenda, lakini umbali wa nyota ulibaki fumbo. Duara lina digrii 360, kila digrii ina sekunde 3,600 za pembe, na Mwezi mpevu unachukua kama sekunde 1,800. Hakuna nyota hata moja, mbali na Jua, yenye paralaksi inayofika sekunde moja. Sekunde moja ni upana wa sarafu ya sentimita 2 ikitazamwa kutoka kilomita 4.

Mafanikio yalikuja ndani ya miaka michache, tena mahali patatu. Friedrich Bessel, huko Königsberg, aliifuatilia nyota hafifu iitwayo 61 Cygni, na mwaka 1838 akatangaza paralaksi ya sekunde 0.314. Wilhelm Struve alikuwa ametoa makadirio ya nyota ya Vega mwaka uliotangulia. Wa tatu anatuhusu zaidi, maana alifanya kazi katika bara letu. Thomas Henderson, Mskoti, alikuwa kwenye kituo cha uangalizi wa nyota cha Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, akaipima Alpha Centauri, nyota ing'aayo iliyo jirani na Msalaba wa Kusini, ambayo mtu wa Mombasa au Lindi huiona bila darubini usiku wa Mei na Juni akitazama kusini. Hakuna kundi la nyota lililo karibu nasi kuliko hilo: Proxima, iliyogunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes huko Johannesburg, ni mwenzake mdogo. Henderson alikuwa na jibu mkononi, lakini alisita, akihofia makosa ya vyombo vyake, akachapisha mwanzoni mwa 1839, Bessel akiwa amekwisha kumtangulia. Kusita kwake nakuheshimu, kwa sababu wengi kabla yake walitangaza paralaksi ambazo baadaye zilibainika kuwa makosa matupu. Na vyombo vya Rasi kweli havikuwa vizuri, kwani namba yake ilizidi ya leo kwa zaidi ya robo.

Sasa tazama namna Bessel alivyoeleza alichokipata. Alisema 61 Cygni iko mbali mara 657,700 ya umbali wa Dunia na Jua. Hilo ndilo tokeo la kipimo chake, maana ukingo aliousimamia ulikuwa njia ya Dunia, na pembetatu haiwezi kutoa jibu ila kwa kizio cha ukingo wake. Kisha akaongeza, kumsaidia msomaji, kwamba nuru huchukua miaka 10.3 kuumaliza umbali huo. Kasi ya nuru wakati ule haikujulikana kwa usahihi wa kutosha kuifanya msingi wa vipimo. Jina la mwaka wa nuru lilijitokeza baadaye katika maandishi ya Kijerumani ya sayansi kwa umma, Otto Ule akilitumia mwaka 1851. Asili hiyo ina uzito katika hoja yangu: kipimo hiki kilizaliwa kwa ajili ya wasomaji, hakikuzaliwa mezani pa mpimaji. Wanaastronomia wenyewe walitafuta kingine, na mwaka 1913 Mwingereza Herbert Hall Turner akapendekeza jina la paseki. Paseki moja ni umbali ambao nyota ingekuwa nao kama paralaksi yake ingekuwa sekunde moja kamili. Ni sawa na mara 206,265 ya umbali wa Dunia na Jua, au miaka ya nuru 3.26. Uzuri wake ni kwamba haifichi chochote: gawanya 1 kwa pembe uliyoipima, umepata paseki. Proxima ina paralaksi ya sekunde 0.768, 1 gawanya kwa 0.768 ni paseki 1.30, zidisha kwa 3.26 na ile 4.24 ya magazeti inajitokeza.

Huenda mtu akasema tofauti hiyo ni ya majina tu, kama kutaja bei kwa shilingi au kwa dola. Kwa nyota ya jirani, ndiyo, haileti madhara. Lakini kwa zilizo mbali, pembe hubeba habari ambayo mwaka wa nuru huidondosha njiani, nayo ni kiasi cha shaka. Chukua Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa pwani na bara wamekitumia kwa vizazi kutambua majira ya kulima. Chombo cha Ulaya kiitwacho Hipparcos, kilichofanya kazi angani kuanzia 1989 hadi 1993 na kupima nyota zaidi ya 118,000, kilitoa jibu kwamba Kilimia kiko miaka ya nuru 390 hivi kutoka kwetu. Mbinu nyingine zote zilikuwa zikielekeza kwenye 430 au zaidi. Kwa msomaji wa miaka ya nuru, pengo la miaka 40 hadi 50 linashtua, na ni rahisi kuhitimisha kwamba wanasayansi wanabahatisha. Kwa msomaji wa pembe jambo ni wazi: pande mbili zilitofautiana kwa chini kidogo ya elfu moja ya sekunde, yaani zilikuwa zikibishana juu ya upana wa unywele ulio kilomita nyingi mbali. Mgogoro huo ulidumu miaka, kwa sababu umbali wa Kilimia ulitumika kusahihisha nadharia za umri na mng'ao wa nyota vijana. Ndipo chombo cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kikaonyesha kwamba Hipparcos ndiyo iliyokosea: Kilimia kiko miaka ya nuru 440 hivi.

Mfano wa Betelgeuse, nyota nyekundu ya begani mwa kundinyota la Orioni, unafundisha zaidi. Mwishoni mwa 2019 ilififia ghafla, na watu duniani kote wakauliza kama iko karibu kulipuka. Umbali wake umetajwa katika tafiti mbalimbali kuanzia miaka ya nuru 430 hadi zaidi ya 700, na haijafikiwa namba moja ya kutulia. Si uzembe. Betelgeuse ni kubwa mno kiasi kwamba upana wake unaoonekana angani ni mara kadhaa ya paralaksi yake. Tena uso wake unachemka na mabaka yake ya mwanga huhama, kwa hiyo anayejaribu kupima msogeo wa katikati ya nyota anakuta katikati yenyewe haitulii. Habari inayosema tu kwamba Betelgeuse iko miaka ya nuru 550 imempa msomaji namba, ikamnyima hadithi nzima ya kwa nini nyota ing'aayo kiasi kile ni ngumu kupimwa kuliko nyota ndogo hafifu zisizoonekana kwa macho. Na ile 124 ya K2-18, nyota inayozungukwa na sayari ile, ambayo haionekani bila darubini, ni imara kuliko namba ya Betelgeuse inayoonwa na kila mtoto. Paralaksi ya K2-18, sekunde 0.026, ilipimwa na Gaia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba umma hauhitaji mzigo huu. Paseki ni neno la wataalamu, pembe inachosha, na mwaka wa nuru una mvuto: unamwambia mtu kwamba akitazama nyota anatazama zamani. Nakubaliana na nusu ya pingamizi hilo. Sitetei kuutupa mwaka wa nuru, wala sitaki taarifa ya habari isomwe kwa paseki. Mvuto huo ni wa kweli na una thamani; nuru ya Kilimia tunayoiona leo iliondoka huko kabla Ngome ya Yesu haijajengwa Mombasa mwaka 1593, na hakuna kipimo kingine kinachoweza kumwambia mtu jambo hilo kwa wepesi. Lakini nusu ya pili siikubali. Pembetatu hufundishwa katika shule za Afrika Mashariki kila mwaka, na mara nyingi mwanafunzi humaliza trigonometria bila kuonyeshwa kwamba hesabu ileile ya upana wa mto ndiyo inayofika mpaka Alpha Centauri. Huo si mzigo mpya juu ya mabega yake. Ni matumizi ya alichonacho tayari.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi na linastahili jibu la uangalifu. Paralaksi ina kikomo. Hata Gaia, kwa nyota zake angavu, hukosea kwa kama sekunde 0.00002. Kwa nyota iliyo paseki 1,000 hilo ni kosa la asilimia 2 au 3, lakini kwa galaksi nyingine pembe humezwa na kosa. Kwa nini basi tuweke uzito juu ya njia inayokoma ndani ya galaksi yetu? Kwa sababu njia zote za mbele husimama juu yake. Henrietta Leavitt wa Harvard alionyesha mwaka 1912, kwa kuchunguza nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, kwamba nyota za aina fulani hung'aa na kufifia kwa mzunguko unaoendana na mng'ao wao halisi. Ukiujua mng'ao halisi na ukaulinganisha na unaoonekana, umbali unajulikana. Edwin Hubble alitumia nyota hizo mwaka 1923 na kuendelea kuiweka galaksi ya Andromeda nje kabisa ya galaksi yetu, kwenye miaka ya nuru 900,000 hivi. Leo tunasema milioni 2.5. Tofauti kubwa hiyo ilitokana hasa na kosa la ngazi ya chini: Walter Baade alionyesha mwaka 1952 kwamba nyota hizo ziko za aina mbili, na zilikuwa zimechanganywa. Andromeda haikusogea hata kidogo. Kilichosahihishwa ni ngazi, na kwa usahihisho huo ulimwengu wote unaojulikana ukaongezeka ukubwa mara mbili. Asiyejua kwamba umbali huu umejengwa ngazi juu ya ngazi, na kwamba ngazi ya chini kabisa ni pembe, atauona usahihisho kama huo kuwa ni ulaghai.

Hata sifa ya mwaka wa nuru inayopendwa zaidi, ile ya kuunganisha umbali na muda, ina mahali inapovunjika. Galaksi iitwayo GN-z11 ilitangazwa mwaka 2016, na mara nyingi huandikwa kwamba iko miaka ya nuru bilioni 13.4 kutoka hapa. Hiyo bilioni 13.4 ni miaka ambayo nuru yake imesafiri. Wakati nuru hiyo ikiwa njiani, anga lenyewe lilikuwa likitanuka, kwa hiyo galaksi hiyo sasa iko kwenye umbali wa miaka ya nuru bilioni 32 hivi. Msomaji aliyezoeshwa kwamba miaka ya nuru na miaka ya safari ni kitu kimoja hukwama anapoambiwa kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 lakini ukingo wa sehemu tunayoweza kuiona uko miaka ya nuru bilioni 46 kutoka kwetu. Kwa nyota za galaksi yetu usawa ule unashikilia bila tatizo. Kwa galaksi za mbali sana ni heri kutaja muda wa safari ya nuru peke yake, na kuuita muda.

Kinachotakiwa hakina gharama. Mwandishi wa habari anaweza kuongeza sentensi moja inayosema umbali umepatikanaje: kwa paralaksi, kwa nyota za Leavitt, au kwa njia nyingine. Mtunzi wa kitabu cha shule anaweza kuweka zoezi moja la paralaksi kwenye sura ya pembetatu, na takwimu zipo. Gaia ilimaliza kazi Januari 2025, na vipimo vyake vya nyota zaidi ya bilioni moja vimewekwa wazi kwenye intaneti, bure, kwa mtu yeyote. Mwalimu wa Kigoma au Bukavu mwenye simu anaweza kuitafuta nyota ya Barnard, akasoma paralaksi yake, sekunde 0.547, akaiandika ubaoni na kuliachia darasa litafute lenyewe kwamba nuru yake huchukua karibu miaka 6 kutufikia.